Sikio la Kushoto la Baba

Majuzi pikapu yetu ilianza kutoa moshi, na mume wangu akataka twende wote hadi kwenye mwinuko wa kutokea mjini, yeye aendeshe, mimi nisikilize injini. Nilikataa. Alinishangaa, maana nyumbani mimi ndiye ninayesikia bomba linalovuja nikiwa chumba cha pili, na mimi ndiye ninayemwambia simu yake inaita hata akiwa ameilalia. Nikamwambia aende kwa fundi, fundi ndiye anayelipwa kwa kusikiliza. Akasema fundi naye atauliza sisi tumesikia nini, ndipo tuamue kama tuitengeneze au tuiuze tutafute nyingine. Nikamwacha amesimama na funguo mkononi, nikaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Si kwamba sijui kusikiliza injini. Kwa miaka miwili hivi ya utoto wangu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na niliifanya vizuri kuliko kazi yoyote niliyokuja kulipwa mshahara baadaye. Ninyi wa rika langu mliokulia huku mnakumbuka magari ya wakati ule yalivyonuka: oili iliyoungua, vumbi la pamba, mbuzi, na sponji ya kiti iliyolowa na kukauka mara nyingi. Ile oili iliyoungua ndiyo iliyoingia jikoni kwangu mume wangu alipowasha gari siku hiyo, nami nikajiona mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Tulikaa Zagayu. Baba alilima pamba na mahindi kama majirani zake, ila yeye alikuwa na pikapu. Zamani ilikuwa nyeupe. Mimi niliikuta ina rangi ya maziwa yaliyoingia majivu, na nyuma kwenye mlango wa bodi iliandikwa MHOLA DUHU, kama sisi Wasukuma tunavyojibu salamu, kwamba ni salama tu. Ilibeba pamba za watu kupeleka kituo cha kununulia, ilibeba mbuzi wa mnadani, wagonjwa, maharusi, na mara mbili tatu maiti. Mtu aliyetaka kuja kwetu hakuuliza jina la baba, aliuliza kwa mwenye pikapu. Mimi nilikuwa binti wa mwenye pikapu, na msidhani nililichukulia jambo hilo kwa unyenyekevu.

Kitu ambacho watu hawakukijua ni kwamba mwenye pikapu alikuwa hasikii. Ujana wake aliumalizia kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, miaka na miaka pembeni ya mashine, na mashine zile ziliondoka na sikio lote la kulia na zaidi ya nusu ya sikio la kushoto. Aliona aibu. Aliamini kwamba watu wakijua, hawatapakia tena watoto wao kwenye gari lake. Kwa hiyo alijificha, na Usukumani kuna mahali pazuri sana pa kiziwi kujificha, napo ni kwenye salamu. Salamu zetu ni ndefu na zina mpangilio wake: umeamkaje, nyumbani je, watoto je, ng'ombe je, mvua je, na kila mahali jibu ni lile lile. Baba alitazama midomo, akajibu mhola, mhola, mhola duhu, akainamisha kichwa panapostahili, na hakuna aliyemwona amekosea. Taabu ilianza salamu zilipokwisha na mtu akaingia kwenye shida iliyomleta. Hapo baba alitabasamu kidogo, akatazama mbali, na watu wakasema ana maringo ya gari.

Waliojua ni mama na mimi. Mama alijua kwa sababu ni mke. Mimi nilijua kwa sababu siku moja nilikaa mbele, watu wa nyuma wakapiga bodi washushwe na yeye akaendelea kwenda, wakapiga tena na tena, mpaka nikamgusa mkono na kumwambia kwa sauti kwenye sikio la kushoto, lililokuwa upande wangu. Akasimama. Safari iliyofuata alimwambia kaka yangu mkubwa akae nyuma na mzigo, na mimi akanifungulia mlango wa mbele. Kuanzia hapo nikawa nasikia kwa niaba yake: honi ya basi lililo nyuma yetu, pancha inayopumua, mbuzi aliyekanyagwa na wenzake, trafiki anasema nini. Watu wa mjini wakizungumza Kiswahili chao cha haraka, nilisimama kando nikakisikiliza, kisha tukiingia garini nikamwambia kwa Kisukuma, mdomo karibu na sikio. Siku za mnada na siku za pamba sikwenda shule. Mwalimu alikuja nyumbani kulalamika, baba akamjibu salamu.

Kiti kile kilikuwa kimechanika, springi moja ilinichoma paja, na chini yake kulikuwa na jeki iliyocheza kila tulipopita kwenye mashimo. Nisingekibadilisha na kiti chochote duniani. Nilikuwa mtoto wa nne kati ya saba, na mtoto wa nne katika nyumba ya watoto saba huitwa jina la mwenzake mara mbili kabla ya kuitwa lake. Garini niliitwa mimi. Baba aligeuza kichwa kidogo kunielekea, akangoja, na kile nilichosema ndicho kilichokuwa kweli.

Kisha pikapu ikaanza kuugua. Moshi wa bluu nyuma, nguvu hakuna, kila safari baba anaongeza oili. Mfanyabiashara mmoja wa Maswa alishasema yuko tayari kuichukua kama ilivyo, kwa bei ya kueleweka, aikate auze vipuri. Baba akajikuta na njia mbili. Auze ng'ombe aitengeneze. Au auze ng'ombe hao hao, aongezee hela ya mtu wa Maswa, anunue nyingine yenye nafuu. Ng'ombe waliokuwepo walitosha kitu kimoja tu. Akikosea, atabaki hana gari na hana ng'ombe. Mama alisema yeye asiulizwe habari za injini, anachotaka kujua ni watoto watakunywa maziwa gani.

Bariadi mjini alikuwepo fundi Shabani, mtu wa Tabora aliyehamia siku nyingi, kofia yake nyeupe imejaa grisi, na sifa yake kubwa ilikuwa kukataa kazi. Akiona gari lako halifai kutengenezwa, anakwambia. Alifungua boneti, akaacha injini inaunguruma, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma na mpini wake sikioni, akasikiliza mpaka nikadhani amesinzia. Ndipo akamweleza baba, na mimi nikasikiliza kwa uwezo wangu wote.

“Mzee, hapa haina mzigo, haiwezi kusema ukweli. Pakia pamba, panda nayo mlima injini ikiwa ya moto. Ikigonga chini, usiitengeneze, utatupa ng'ombe zako bure, mpe huyo mtu wa Maswa. Lakini kama ni juu tu inapiga kelele, niletee, hiyo naiweza.”

Baba aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa yote, akamshukuru, tukaingia garini, akanigeuzia sikio.

Sasa hapa naomba mnielewe. Kiswahili changu kilikuwa cha shule. Kengele inagongwa, hilo nililijua. Lakini gari kugonga kulikuwa na maana moja tu, ile ya ubaoni: gari limemgonga mtoto. Mwalimu alituandikisha sentensi ile wiki nzima baada ya mwenzetu wa darasa la tatu kuvunjwa mguu barabarani. Basi nikamwambia baba kwa Kisukuma kwamba fundi anasema tupakie pamba tuende mlimani. Tukimgonga mtu pale chini ya mlima, gari tumpe mtu wa Maswa. Lakini kama ni kelele tu kule juu, fundi ataitengeneza.

Baba alifikiri njia nzima. Karibu na nyumbani akasema yule fundi ana akili, ameona tatizo liko kwenye breki, na kweli chini ya mlima ule pana daraja na watu wanachota maji. Mambo mengine yalimtatiza, niliona, lakini kumrudia fundi na kumwomba aseme tena kungekuwa kukiri kwamba hakusikia. Kwa hiyo hakurudi.

Siku ya mzigo tulishuka mlima ule kwa mwendo wa konokono. Baba alikanyaga breki mara tatu, mara nne, akina mama waliokuwa na ndoo wakasimama kututazama, mmoja akauliza kama tumepotea. Hatukumgonga mtu. Tukavuka daraja, tukaanza kupanda upande wa pili pikapu ikiwa imelemewa na pamba, na hapo ndipo nilipoisikia, chini ya nyayo zangu, nzito na yenye mpangilio: ko, ko, ko, ko. Nilidhani ni jeki. Nikaikandamiza kwa miguu yote miwili, na sauti ikaendelea kunipanda magotini. Tulipofika juu ikanyamaza, baba akaniuliza kama nimesikia kelele, nikamwambia ipo kidogo, hapa juu. Alifurahi sana, na mimi nikafurahi kwa kuwa yeye amefurahi.

Tulipoelekea kwa fundi mara ya pili, baba alikuwa mchangamfu. Alisema hata fundi akikataa, si neno, atanunua hiyo nyingine. Magari ya siku hizi hayana maneno mengi, hata mtu kama yeye anaendesha bila kusaidiwa. Alinipiga kidogo begani. “Wewe mayu utapumzika,” akasema. Aliniita mayu, kama wazee wetu wanavyowaita binti zao kwa heshima ya mama. “Kiti hiki atakaa abiria wa kulipa, wewe utaenda shule kila siku kama wenzako.”

Leo nina watoto watatu na najua alikuwa ananipa nini. Siku ile nilichosikia ni kwamba nimefukuzwa. Nilitazama dirishani mpaka mjini na kila mtu aliyesimama barabarani kupunga mkono nilimwona ndiye abiria atakayekaa kwenye kiti changu.

Fundi aliuliza kama ilikuwa inagonga. Baba alilisoma neno hilo mdomoni, akanitazama, nikamwambia hatukugonga mtu, naye akamjibu fundi kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba hakuna mtu aliyegongwa, breki ni nzima kabisa. Fundi Shabani alibaki ameduwaa. Kisha akacheka mpaka akashika meza. Alichukua spana, akaipiga chini ya ile meza ya chuma, ko, ko, ko, akasema kugonga ni huku. Baba aliona, akaelewa, na yeye akacheka, akaniwekea mkono kichwani. Kosa langu la kwanza lilisamehewa kabla sijaliombea msamaha, na ningekuwa mtu mwema zaidi habari hii ingeishia hapo kwa kicheko.

Baba aliinama akagonga bodi ya pikapu kwa kidole, taratibu, akaniuliza kwa Kisukuma kama tulipokuwa tunapanda nilisikia kitu cha namna hii, kutoka chini, miguuni.

Nilikisikia. Nilijua palepale kwamba haikuwa jeki. Nilijua pia, kwa maana fundi alikuwa amekwisha kusema, kwamba nikijibu ndiyo, pikapu itakwenda Maswa na mimi nitashuka kwenye kile kiti. Kichwani mwangu hapakuwa na ng'ombe, hapakuwa na maziwa ya wadogo zangu, hapakuwa na baba. Palikuwa na kiti.

“Sikusikia,” nikasema.

Fundi alikuwa amejifuta mikono. Alisema kazi ya juu atafungua kichwa cha injini na vipuri vitatoka Mwanza, si kazi ya bei ndogo, na chini hatagusa. Kwa hiyo kama hatuna hakika, twende naye sasa hivi, tupakie hata mchanga, asikie mwenyewe. Aliniangalia mimi aliposema hivyo. Nilimpelekea baba maneno yale yote, sikupunguza hata moja, maana nilijua atajibu nini. Baba alisimama akajinyoosha, akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya mbele ya mtu wa nje. Alilishika sikio lake la kulia akatikisa kichwa, kuonyesha kwamba halifanyi kazi, kisha akanigusa mimi.

“Akisikia huyu, nimesikia mimi.”

Aliitoa siri yake mbele ya mtu mwingine, kwa ajili ya uongo wangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema hata wakati huo, fundi akiwa bado hajafungua hata nati moja. Nilichezea kamba ya sketi.

Ng'ombe waliuzwa mnadani. Wadogo zangu walilia, mama hakulia, alisimama kwenye zizi akiwa na kibuyu mkononi kana kwamba amesahau alichokifuata. Pikapu ilirudi ikiwa imepona, moshi umekwisha, na baba aliifuta vumbi kila asubuhi. Nami nilikaa mbele. Niseme ukweli wote: wiki tatu zile nilikuwa na raha.

Msimu wa pamba ulikuwa umeshika kasi. Mchana mmoja tulipakia mzigo wa jirani yetu, furushi juu ya furushi, tukapita kwenye ile ardhi nyeusi ya mbuga inayong'ang'ania matairi, baba akikanyaga mafuta. Ilianza taratibu. Ko, ko, ko. Nilimtazama baba, alikuwa anapiga mluzi, wimbo wa kanisani, bila kujua kwamba anaukosea. Nikimwambia sasa, ataniuliza kwa nini fundi hakulijua, na jibu ni mimi. Nikajiambia itanyamaza tukifika penye tambarare. Tambarare ilifika na haikunyamaza, ilizidi, mpaka kioo cha dirisha kikaanza kutetemeka, na mimi niliyeajiriwa kusikia nilikaa nimefumba mdomo. Fundi yeyote atakwambia kwamba kama gari lingezimwa dakika ile, kitu kingeokolewa. Ndipo ukatoka mlio mmoja kama wa shoka kwenye gogo bichi, na chuma kikatoboa ubavu wa injini, na oili ya moto ikamwagika barabarani.

Mlio ule hata baba aliusikia. Alishuka, akazunguka, akachungulia, akasimama muda mrefu ameshika kiuno. Alipokuja upande wangu, uso wake ulikuwa na hofu niliyokuwa sijawahi kuiona kwake, na haikuwa hofu ya ng'ombe.

“Kabla ya huo mlio, ulisikia kitu?”

“Hapana, baba.”

“Hata wewe?”

“Hata mimi.”

Akashusha pumzi. Nilimwona akipata nafuu, pale pale, pembeni ya mali yake yote iliyomwagika. Maana kama hata mimi sikusikia, basi halikuwa kosa la masikio yake. Gari lilikufa bila kusema, na kama lilikufa bila kusema, mwenye kosa ni aliyelifungua.

Tulikwenda Bariadi kwa baiskeli, mimi nimekaa nyuma. Baba, mtu ambaye hakuwahi kumfokea hata ng'ombe, alisimama mbele ya gereji ya fundi Shabani akamwita mwizi. Mtu asiyesikia hajui sauti yake imefika wapi. Wenye maduka walitoka milangoni, wateja wakaacha soda zao, na baba akaendelea kusema kwamba ameuziwa vipuri vibovu, kwamba ng'ombe wake wameliwa. Fundi alimsubiri amalize. Alijua, kama anavyojua kila fundi, kwamba injini haivunjiki chini bila kugonga kwanza siku nyingi. Hakumtazama baba. Alinitazama mimi, akachuchumaa ili tulingane.

“Na wewe binti, hukusikia?”

“Sikusikia.”

Nadhani alikuwa anapima vitu viwili: jina lake, na yule mzee aliyelishika sikio lake la kulia mbele yake. Kisha akainuka, akavua kofia.

“Basi itakuwa ni mimi, mzee,” akasema, polepole, ili baba aone midomo. “Nisamehe.”

Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia jambo kubwa kama lile, na nililipokea kwa kutazama chini. Baba alisimulia mnadani, kanisani, kituo cha pamba, na fundi alikuwa amekiri kwa kinywa chake mbele ya watu, nani angebisha? Watu wa upande wetu wakawa wanampita fundi Shabani wanapeleka magari yao kwingine. Pikapu ilikaa uani, kuku wakataga kwenye kiti cha mbele, mpaka mtu wa Maswa alipokuja kuichukua kwa bei ya vyuma chakavu. Baba alirudia jembe, akaomba maksai wa watu wakati wa kulima, na kwenye salamu akajibu ng'ombe ni salama wakati zizi lilikuwa tupu. Mama alinunua maziwa kwa kikombe. Na mimi, kwa kuwa hakuna kazi nyingine iliyobaki, nilikwenda shule kila siku. Nilifaulu. Nikasoma sekondari Bariadi, na miaka yote ile nilipita njia ya mbali ili nisione ile gereji.

Mtaniuliza kwa nini sikusema nilipokua. Nimejiuliza zaidi yenu. Sababu ninayojipa ni kwamba sikio la kushoto nalo lilizidi kupungua, na mtu asiyesikia huwezi kumnong'oneza dhambi yako. Lazima uipige kelele. Kila nilipokwenda Zagayu nikiwa nimekusudia, nilikuta mama yupo, wakwe wapo, wajukuu wamejaa uani, nikampigia baba kelele za habari za mvua.

Jumapili ya juzi nilisema. Nilichukua pikapu yetu na moshi wake, nikaenda peke yangu, nikamkuta amekaa kwenye kiti chake nje ya nyumba. Mama alikuwa anapepeta mchele, mke wa kaka yangu anaosha vyombo. Nikapiga magoti, nikaweka mdomo karibu na sikio, nikapaza sauti kwa Kisukuma, tangu mlima mpaka meza ya chuma mpaka ule mchana wa mbuga. Mama alisikia kabla yake; ungo ulisimama. Sehemu nyingine baba aliniomba nirudie, na sehemu aliyoniomba nirudie ni ile ya kiti, maana hakuamini kwamba amesikia sawasawa. Nikarudia. Nilidhani atalia au atanilaani, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili.

“Kwa hiyo yule mtu hakuniibia,” akasema.

Nikatikisa kichwa kwamba hakumwibia. Alisimama, akaita aletewe shati na viatu vyake vya kanisani. Alimwambia mama ashike jogoo, yule mkubwa. Nikamuuliza kwa ishara anakwenda wapi, akanijibu kwa sauti ambayo nadhani ilifika kwa majirani: “Nilimtukana mbele ya watu. Nipeleke nikamwombe msamaha mbele ya watu.” Mama alimfunga jogoo miguu bila kuniangalia.

Fundi Shabani amekufa. Mtoto wake ndiye anayeshika spana pale gereji sasa, na ndiye aliyemwambia mume wangu, siku ile nilipokataa kwenda kusikiliza injini, kwamba mzee walimzika kwao Tabora. Mume wangu aliniletea habari hiyo kama habari nyingine za mjini. Kitu cha kwanza nilichokihisi, kabla ya huzuni, ni kwamba nimepumua. Siku ya tatu nikapata ujasiri wa kwenda kuungama. Ninyi mnaonisoma, msinipe pongezi za kusema kweli. Nilisubiri mpaka aliyestahili kuisikia azikwe.

Baba alishaingia garini, jogoo miguuni, kola ya shati imefungwa hadi juu. Nilikaa kwenye usukani. Akiwa abiria, upande wangu ni lile sikio la kulia, lililokufa. Hata ningepiga kelele ndani ya gari asingenisikia. Nikawasha nikaondoka. Nilikwenda nikijiambia nitamwambia fundi amekufa tukifika mbele kidogo, na mbele kidogo ikapita, na nyingine ikapita, naye akiwa amekaa wima anatazama barabara kama mtu anayepanga maneno. Tulikuwa tumeshaingia lami ndipo nikasimama, nikazima injini, nikashuka, nikazunguka gari zima mpaka upande wa sikio lake la kushoto. Alikuwa ameshashusha kioo.